Mwalimu na Vitabu Viwili vya Kalkulasi

Mwalimu alikuwa hakai. Ukimwuliza mtu yeyote aliyepita darasani kwake, hilo ndilo atakalokwambia kwanza, kabla hajafika kwenye hisabati yenyewe. Alifundisha kalkulasi ya mwaka wa kwanza chuo kikuu hapa Maskati mpaka akastaafu, na wanasema chumbani mwake mlikuwa na kiti kizuri cha ngozi ambacho kazi yake ilikuwa kubeba karatasi za mitihani. Yeye alisahihisha kwa miguu. Karatasi zilitandazwa juu ya kabati la chuma, na baada ya swali moja au mawili alikwenda mpaka dirishani, akatazama magari yaliyoegeshwa juani, akarudi na kalamu mkononi akiwa ameshaamua kama mwanafunzi alikosea kwa kutojua au kwa kuharakisha. Makosa hayo mawili hakuyapa adhabu sawa. Wa kuharakisha alimhurumia zaidi, nadhani kwa kujijua mwenyewe.

Mimi sikusoma kwake. Nilimjua alipokuja na kitabu.

Mimi ni mhariri katika shirika dogo la uchapishaji mtaa wa Ghubra, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mapazia. Tunachapa vitabu vya skuli na vya vyuo, na siku ile nilikuwa kwenye simu na mama yangu, tunabishana kwa Kiswahili, lugha ya nyumbani kwa sisi ambao wazee wetu walirejea kutoka pwani ya Waswahili, nani atakwenda kumpokea shangazi uwanja wa ndege. Nilipoinua macho nikamwona mwanamke mrefu, abaya imemkaa upande, mkononi mfuko wa supamaketi uliojaa karatasi. Alikuwa ananingoja nimalize, na kungoja kwake kulikuwa kuizunguka meza yangu akisoma migongo ya vitabu rafuni.

"Weye mtoto wa nani?" akaniuliza nilipokata simu.

Nikamtajia. Akasema "Aa," kama mtu aliyepewa jibu la hesabu ndogo, na tangu hapo hakunisemesha Kiarabu isipokuwa mbele ya watu. Akaumwaga mfuko juu ya meza. Zilikuwa kurasa zilizoandikwa kwa mkono, kwa wino wa buluu, Kiingereza katikati na Kiarabu pembeni, na michoro iliyopigwa bila rula lakini imenyooka.

"Nataka kitabu chembamba," akasema. "Kinachoingia kwenye mkoba wa mtoto wa kike bila ya kumvunja bega."

Kitabu hicho kilikuja kuwa kinene kuliko kamusi tuliyoichapa mwaka huohuo.

Alikuwa mtu wa kupinga asemalo kwa alitendalo, na wala haikumsumbua. Darasani aliwakataza wanafunzi penseli. Andika kwa kalamu, aliwaambia, na andika kubwa, ili ukikosea kosa lako tulione sote. Kufuta alikuita uoga. Lakini prufu tulizompa, yaani zile kurasa za majaribio tunazopitia kabla ya kuchapa, zilirudi kwetu zimefutwa kwa raba mpaka karatasi imekuwa nyepesi kama ngozi ya kitunguu, na juu ya alichofuta ameandika, amefuta tena. Alisali kwa wakati kila siku ya Mungu, na kwa kila kitu kingine alichelewa. Aliogopa lifti, akapanda ngazi zetu akihema, lakini gari aliliendesha kama anayefukuzwa.

Gari hilo nilipanda mara chache, na kila mara niliapa sitalipanda tena. Alikaa mtaa wa Madinat Sultan Qaboos na dada yake, na kutoka kwake mpaka Ghubra si mbali hata kidogo, ila yeye alikuwa akifikiri njiani. Akili ikishika kitu, mikono ilisahau njia. Siku moja nilimngoja ofisini na prufu za sura ya kwanza, nikangoja, mwisho nikapata ujumbe wake wa sauti. Nyuma yake zinasikika honi na ndege inayotua.

"Mwanangu, niko Sib," anasema. "Sikukusudia. Lakini ule uthibitisho wa ukurasa wa juu nimeuona ulipolegea. Utoe wote. Nakuja."

Alifika mchana na uthibitisho mpya wa hesabu kichwani na mfuko wa samaki, kingfishi, kwa sababu alipojikuta Sib, mji wa wavuvi ng'ambo ya uwanja wa ndege, aliona afadhali apite sokoni. Samaki tuliwaweka kwenye friji ya ofisi. Mudiri wetu, mkuu wa shirika, ambaye ni mtu msafi na mpole, aliikuta chupa yake ya maziwa ina harufu ya pwani, akaniuliza kwa upole kama mwandishi huyu ana nia ya kumaliza kitabu au ya kufungua duka.

Dada yake alinisimulia kwamba nyumbani ilikuwa hivyohivyo. "Anakula kasimama kama punda," alisema, mbele yake, wala Mwalimu hakugeuka. "Nampikia mkate wa kumimina, anaukata, anauchukua, anakwenda nao uani. Makombo nyumba nzima. Nikimwita akae tuzungumze, ananiambia nakaa, nakaa, na huyo keshapita mlango wa pili." Kisha akapunguza sauti. "Lakini nilipokuwa hospitali na moyo wangu, alikaa. Alikaa kwenye kiti kile cha plastiki mpaka wakamwambia nenda nyumbani. Mie ndipo nilipojua kwamba naumwa kweli."

Aliishi katika lugha tatu na kila moja aliipa kazi yake. Kitabu alikiandika kwa Kiingereza kwa kuwa ndiyo lugha ya kufundishia chuoni. Maelezo ya pembeni aliyaandika kwa Kiarabu, kwa ajili ya wale watoto wanaotoka skuli wakiwa na akili nzuri na Kiingereza kibovu, ambao, alisema, wanafelishwa na sentensi wala si na hesabu. Lakini kufikiri alifikiri kwa Kiswahili. Alipokuwa akipitia prufu amesimama kando ya dirisha langu, nilimsikia akinong'ona, "Inakaribia, inakaribia, haifiki," kidole kinafuata mstari wa grafu. Kikomo, yaani ile "limit" ya kalkulasi, kwake hakikuwa neno gumu. Ni kile unachokikaribia bila kukigusa, basi. Nilimwuliza mara moja kwa nini asiandike hivyohivyo kitabuni.

"Kwa lugha gani?" akasema. "Nkiandika kwa Kiingereza inakuwa kama mahubiri."

Darasani, waliosoma kwake wananiambia, alikuwa mkali na alikuwa na usemi mmoja: "Usinambie umefahamu. Nambie umepotelea wapi." Mwanafunzi aliyesema amefahamu aliitwa ubaoni. Mwanafunzi aliyesema nimepotea kwenye mstari wa tatu aliambiwa ahsante, na somo zima likarudi kwenye mstari wa tatu. Aliwafelisha wengi. Wale aliowafelisha aliwaita ofisini kabla ya mtihani wa marudio, akawafundisha bure, akawapa kahawa na visheti alivyopika dada yake. Mmoja wa hao aliofelishwa ndiye kijana ninayetaka kumtaja sasa, kwa sababu bila yeye picha ya Mwalimu haikamiliki.

Kijana alifeli kalkulasi yake ya kwanza kwa Mwalimu, akairudia kwake, akaipenda, akaenda ng'ambo kusoma zaidi, akarudi kuwa mhadhiri katika idara ileile. Kwao ni Sib. Wazee wake walirejea kutoka bara, upande wa Tabora, na Kiswahili chake ni cha huko. Mwalimu hakumwacha apumue kwa hilo. Akisema shule, anamwambia skuli. Akisema nina njaa, anamwambia, "Nna. Unapoteza pumzi bure." Kijana anacheka, anasema tena nina. Kinyume na Mwalimu, yeye alikuwa mtu wa kukaa. Alikaa kwenye kiti changu cha wageni, akaegemea, akanywa chai yake mpaka tone la mwisho, na Mwalimu akimzunguka akizungumza.

Kurasa za ule mfuko zilikuwa za Mwalimu peke yake, lakini baadaye alimwingiza kijana, na kitabu kikawa cha wote wawili. Kazi waliigawana mapema: nadharia na uthibitisho ni vya Mwalimu, sura ya matumizi na mazoezi yote ni ya kijana. Na kilikuwa na haraka, kwa upande wa kijana angalau. Chuoni hupandi cheo kwa kusema unaandika kitabu. Lazima kitabu kiwepo. Lakini kila tulipokaribia kuchapa, Mwalimu alizichukua prufu "kutupia jicho tu", na jicho hilo lilichukua msimu. Mudiri akaanza kunipitia mezani kila asubuhi. Anatazama tu kama prufu zimerudi. Na mimi nikaanza kuamka nikiwaza sura za kitabu ambacho nilikuwa sielewi nusu yake.

Ugomvi ulianza kwa tangi la maji.

Katika sura yake kijana aliweka hesabu za vitu ambavyo kila mtoto wa hapa anavijua: gari linalofunga breki kwenye barabara ya Nizwa, jua linavyopandisha joto la chumba, tangi la maji juu ya paa linalojaa huku mtu akioga chini. Maji yanaingia kwa kasi hii, yanatoka kwa kasi ile, lini tangi litafurika. Mwalimu aliisoma dirishani, akaiweka chini.

"Mie sifundishi mafundi bomba," akasema.

"Mafundi bomba wana shida gani?" kijana akauliza, polepole, kikombe mkononi.

"Hawana shida. Mwanafunzi ndiye mwenye shida. Ukimpa tangi, atafikiri kalkulasi ni tangi. Kesho ukimwondolea tangi hana kitu."

"Asipopewa tangi leo, Mwalimu, hiyo kesho hafiki. Anaacha somo. Mimi niliacha."

"Weye hukuacha. Ulirudi."

"Nilirudi kwa sababu ulinipa kahawa. Kitabu hakitoi kahawa."

Nilidhani yameishia hapo, maana wote wawili walicheka. Kisha kijana akaenda Umra na mama yake. Siku alizokuwa huko, Mwalimu alinijia na flashi, akasema hii ndiyo sura ya matumizi, ya mwisho, iingizwe. Tukaiingiza. Ilikuwa nzuri, nadhani. Ilikuwa safi kama sura zake zote. Tangi halikuwamo, wala gari, wala chumba cha joto, na mazoezi aliyoyatunga kijana kwa miaka miwili yalikuwa yamebaki machache mwishoni, yamebanwa kama mizigo nyuma ya teksi.

Kijana aliporudi alipita ofisini kutuletea tende na maji ya Zamzam. Nikampa prufu. Alikaa palepale pake akaifungua sura yake. Alisoma muda mrefu. Mwalimu alikuwepo, amesimama kando ya dirisha, na kwa mara ya kwanza nilimwona anatazama nje bila kuona kitu.

"Mwalimu," kijana akasema, "hii si sura yangu."

"Ni sura bora."

"Inawezekana. Lakini si yangu."

"Jina lako lipo."

"Ndiyo maana nasema." Akazifunga kurasa, akazilinganisha pembe zake juu ya goti. Hakupandisha sauti. "Ungeniambia haifai, ningeiandika tena. Mara ngapi umenirudisha ubaoni? Sikuwahi kununa. Lakini hukuniita ubaoni, Mwalimu. Uliandika wewe, ukaweka jina langu."

Mwalimu akafungua mdomo, na mimi nilidhani atasema samahani, neno ambalo lingemaliza mambo. Akasema, "Tunachelewa kuchapa."

Kijana akainuka. Akanishukuru mimi, akamuaga mudiri, akamwamkia Mwalimu kama kawaida yake, shikamoo, akajibiwa marahaba, akashuka ngazi. Wiki ileile tulipata barua pepe yake, fupi na ya adabu, kwamba anaondoa jina lake na kazi yake.

Mwalimu hakumtaja tena. Alikimaliza kitabu peke yake, akatunga mazoezi mapya kwa kasi iliyonitisha, akija ofisini asubuhi na kuondoka, akirudi jioni, ujumbe wa sauti juu ya ujumbe wa sauti. Ila alianza kwenda Sib. Zamani alifika huko kwa kupotea. Sasa alikwenda kila Ijumaa baada ya sala, na samaki wakazidi mahitaji ya wanawake wawili. Dada yake akawa anawagawia majirani.

"Unadhani anafuata samaki?" dada mtu aliniambia siku moja nilipopeleka majalada ya kuchagua rangi. "Nlipanda naye. Anakwenda mpaka mtaa wa yule kijana, anapita mbele ya nyumba, anazunguka, anapita tena. Hashuki. Nikamwambia shuka basi ukamsalimie mama yake. Ananambia, napita tu."

Kitabu chake kilitoka mwanzoni mwa mwaka wa masomo. Nilimpelekea nakala ya kwanza, akaishika, akainusa, akafungua katikati, akaanza kutembea. Alikuta nukta imekosekana kabla hajafika jikoni. Hiyo ndiyo furaha niliyoiona kwake.

Wiki chache baadaye kikatoka cha kijana, kwa wachapishaji wa nje. Kalkulasi ya mwaka wa kwanza, vilevile. Kilikuwa chembamba. Sentensi fupi, Kiingereza chepesi, na mwisho wa kila sura maneno magumu yamefafanuliwa kwa Kiarabu. Vikawekwa pamoja katika duka la vitabu la chuo, vitabu viwili vipya vya somo moja, kimoja cha mwalimu na kimoja cha mwanafunzi wake, na Maskati ni ndogo. Kila aliyejua hisabati kidogo alikuwa na maoni. Mama yangu, ambaye hajui hata kimoja kinahusu nini, aliniuliza kwenye simu nani anashinda.

Kilichotukosesha usingizi ofisini ni idara. Idara ilipaswa kuchagua kitabu kimoja cha kufundishia, na kitakachochaguliwa kitanunuliwa na kila mwanafunzi anayeingia, mwaka huu na miaka ijayo. Kitakachoachwa kitakaa ghalani. Ghala letu lilikuwa limejaa. Tulihamisha meza ya mhasibu ili maboksi yapate nafasi, na mudiri alianza kupita katikati yake kwa ubavu, akiyagusagusa kama mtu anayepapasa ng'ombe mgonjwa.

Mkuu wa idara alimpigia Mwalimu simu. Nilikuwepo, uani kwao, nimeletewa chai. Mwalimu aliweka simu wazi ili mikono yake iwe huru, akawa anazunguka mti wa ndimu. Mkuu wa idara, ambaye walifundisha pamoja zamani, alimwambia kwa heshima nyingi kwamba wenzake wameelekea kwenye kitabu chake, kwa sababu ya miaka yake na jina lake, na kwamba wanataka tu baraka yake kabla hawajaandika uamuzi.

Mimi nilishaanza kuyahesabu maboksi yakitoka ghalani.

"Mmesoma vyote viwili?" Mwalimu akauliza.

Tumevipitia, mkuu akasema.

"Nipe siku chache. Mie cha pili sijakisoma."

Alikinunua mwenyewe kitabu cha kijana, dukani, kama mtu mwingine yeyote. Dada yake alisema alifanya mazoezi yote, moja moja, mpaka la mwisho, kwa kalamu. Nilimpigia, hakupokea. Nilimtumia ujumbe, akajibu, "Nafanya hesabu." Ofisini hatukuwa na la kufanya ila kungoja. Mudiri alinywa chai nyingi.

Kisha akampigia mkuu wa idara, akamwambia wachukue cha kijana.

Nilikwenda kwake jioni ileile na sitaficha kwamba nilikuwa na hasira. Nilimwambia nimekihariri kitabu chake kama mtoto wangu. Nilimwambia kuhusu maboksi. Nilimwuliza, kama aliona chake hakifai, kwa nini alituchosha miaka yote ile.

"Changu hakifai nani kasema?" akajibu. "Kitabu changu kizuri. Ni kizuri kuliko chake, na yeye anajua." Alikuwa akimwagilia mimea ya dada yake kwa birika, akimwaga maji hapa, akiruka pale, akirudi. "Lakini mie nimemwandikia mtu anayeipenda hisabati kabla hajaifungua. Wangapi hao? Yeye kamwandikia aliyelazimishwa. Na idara imeniuliza habari ya mwaka wa kwanza, haikuniuliza habari yangu."

"Na sisi?"

Akasimama. Akanitazama, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka kweli.

"Nyie nimewakosea," akasema. "Nlifikiri juu yenu pia. Nlijaribu jibu litoke jingine, mwanangu. Halikutoka."

Nilikunywa chai iliyokuwa imepoa, nikarudi nyumbani.

Shirika halikufungwa, kama mudiri alivyohofu. Kitabu cha Mwalimu kilipata watu wake taratibu: wale wa mwaka wa pili wanaochagua hisabati kwa hiari, walimu wa skuli, chuo kimoja cha kaskazini ambacho hatukuwahi kukifikiria. Maboksi yakapungua, meza ya mhasibu ikarudi. Mimi na Mwalimu tukawa tunapigiana simu siku za sikukuu tu. Nilisikia kwamba kijana alipandishwa cheo. Nilisikia pia kwamba alikwenda Madinat Sultan Qaboos kumshukuru, akamkuta dada mtu peke yake. Mwalimu alikuwa ametoka kwa mlango wa uani alipoona gari lake.

Mara ya mwisho niliyomwona vizuri ni mwaka huu, asubuhi moja aliponipigia na kuniambia nimsindikize chuoni.

"Kuna nini?"

"Nataka kumsikia anavyofundisha. Nkiwa peke yangu ntageuza njiani."

Nikaendesha mimi. Alivaa abaya yake nzuri, na kitabu cha kijana kilikuwa mapajani, kimejaa vipande vya karatasi. Ukumbi wa mihadhara ulikuwa mkubwa, wavulana safu za chini, wasichana safu za juu. Tukaingia kwa mlango wa juu, tukakaa pembeni kabisa. Msichana aliyekuwa karibu naye akamwinamia, akamwuliza kwa Kiarabu, kwa adabu, kama na yeye khala, yaani mama mkubwa, anarudia somo.

"Ndiyo," Mwalimu akamjibu. "Narudia."

Kijana aliingia, akaweka vitu vyake, akainua macho kusalimia darasa, akatuona. Kalamu ya ubao ilibaki hewani. Kisha akageuka akaanza. Alifundisha tangi. Alilichora ubaoni, na paa, na bomba, na mtu anayeoga, wakacheka. Aliwauliza maji yatafurika lini, wakajibu ovyo. Akamwita mmoja, akamwambia, "Usiniambie umeelewa. Niambie umepotea wapi."

Mwalimu akainuka. Nilidhani anataka kusema kitu. Alikusanya abaya yake, akapita mbele ya magoti ya wasichana, akatoka. Nikamfuata.

Nje kwenye korido ndefu hapakuwa na mtu. Alikuwa ameegemea ukuta, mkono kifuani.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Anafundisha vizuri. Anakwenda mbio, lakini vizuri." Akajifuta pua kwa ncha ya mtandio. "Twende zetu kabla hajamaliza."

Mlango ukafunguliwa nyuma yetu. Kijana alikuwa bado ameshika kalamu ya ubao, haina kifuniko.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umewaacha watoto."

"Umeondoka."

"Nimetoka tu."

Wakatazamana. Kijana alikuwa ameanza kupata mvi kando ya masikio, jambo ambalo sikuliona kutoka juu.

"Kuna kosa?" akauliza. "Kitabuni?"

"Yapo mawili. Madogo. Nimeyawekea karatasi." Akamkabidhi kitabu, na kijana akakipokea kwa mikono miwili. Mwalimu hakukiachia mara moja. "Ile sura," akasema. "Ulivyoiandika mwanzo ndivyo ilivyotakiwa. Nlipaswa kukuita."

Kijana aliinamisha kichwa, akawa anatazama mikono yao kwenye kitabu.

"Kamalize darasa," Mwalimu akamwambia. "Wanakungoja."

"Na wewe?"

"Mie nipo. Nenda."

Akaenda. Nilimwambia Mwalimu kwamba lazima nirudi Ghubra, kuna prufu za watu zinanisubiri, na kwamba naweza kumpitisha kwake sasa hivi. Akatikisa kichwa.

"Nenda mwanangu. Atanirudisha yeye."

Nikiwa kwenye ngazi niliisikia sauti ya kijana nyuma ya mlango, inakwenda mbio kuliko mwanzo, na hatua za Mwalimu zikifika mwisho wa korido na kurudi.